Chumba cha Maharagi

Mama yetu mdogo, ndugu wa mwisho wa marehemu mama, alifika kwa dada yangu, mtaa wa Katindo mjini Goma, siku ya mvua, akitoka upande wa Rutshuru. Alikuwa amekimbia vita na sufuria moja na vitenge alivyovaa. Dada, ambaye anauza maharagi sokoni, alilia alipomwona, kisha akaanza kutafuta pa kumlaza.

Nyumba ya dada ni ya mbao na watoto wamejaa. Chumba kimoja tu kilikuwa na sakafu ya sementi na bati lisilovuja, kile cha kuwekea magunia. Aliona aibu kumlaza mama mdogo penye unyevu. Akasukuma magunia ukutani, akaondoa turubai lililoyafunika, akalitandika chini, na juu yake tukaweka godoro la dada mwenyewe.

Ndani ya magunia mlikuwa na vidonge vya dawa ya wadudu. Wauzaji wengi wanavitia, la sivyo maharagi yanatobolewa kabla hayajapata mnunuzi. Sokoni vinauzwa kimoja kimoja katika kipande cha karatasi, na mkebe wenye maandishi unabaki kwa muuzaji. Dada alijua vinaua wadudu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vinaua kwa kutoa hewa ya sumu.

Asubuhi alinipigia simu. Nilimkuta mama mdogo ameegemea ukuta nje, anatapika maji matupu na kushika kifua. Nilimuuliza kwa nini hakuita mtu.

"Nilisikiaka harufu sawa ya kitunguu saumu," alisema. "Nikawaza ni ya jikoni. Mugeni hawezi kuanza kuuliza-uliza, mutoto wangu."

Tulimpeleka kwa pikipiki, mimi nikimshikilia kwa nyuma. Hospitalini daktari aliuliza alikolala, na dada alipotaja magunia, akauliza yalitiwa dawa gani. Kisha akatueleza taratibu kwamba dawa za wadudu zimegawanywa kulingana na ukali wake, na rangi iliyo kwenye mkebe inaonyesha kundi. Hii, aliyoitambua kwa ile harufu ya kitunguu saumu, ilikuwa ya rangi nyekundu, yenye alama ya fuvu. Ilipaswa kutumiwa na mtu aliyefundishwa, katika ghala lililofungwa, mbali na pale watu wanapolala. Tena sumu yake haina dawa ya kuivunja. Wangemsaidia kupumua na kuupa moyo nguvu, basi.

Mama mdogo alikuwa na akili zake zote. Aliomba maji, akanywa kidogo, akamshika dada mkono.

"Ulinilalisha pazuri," alimwambia. "Aksanti."

Dada aligeuza uso. Kufikia saa sita mchana mama mdogo alikuwa amekufa.

Kwenye kilio dada alitaka kusimama aseme mbele ya watu. Wajomba walimzuia. Waliwaambia waombolezaji kwamba safari ilimchosha, na watu wakaamini, maana wengi walikuwa wamefika Goma hivyo hivyo. Walisema hivyo kwa kumhurumia, lakini dada hakula siku ile.

Baadaye alirudi sokoni, akawaeleza wanawake wenzake kila kitu, jinsi ilivyotokea. Baadhi walitoa magunia nyumbani mwao, wakatafuta depo ya pamoja ya kuyawekea. Wengine walisikiliza, wakasikitika, kisha wakaenda kununua vidonge, kwa sababu wadudu hawangojei.

Mama mdogo alikuwa na binti mmoja, aliyeolewa Masisi, ambaye hakuweza kufika kuzika kwa sababu njia ilikuwa imefungwa. Mtandao uliporudi kwao alipiga simu, akamuuliza dada mama yake alikufa vipi. Nilikuwa nimeketi karibu. Nilidhani dada atasema ni safari, kama wajomba.

"Ni mu nyumba yangu," dada alisema. "Nilimulalisha na dawa. Sikujua."

Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu akipasua kuni. Halafu binti akasema, "Nimesikia, dada," na simu ikakatika.

Tangu hapo dada anampigia kila Jumapili baada ya misa. Simu inaita mpaka inakatika yenyewe.