Fundi Inchi Mbili

Kama yupo kinyozi anayeogopa wembe, basi hakuna ajabu kuwepo fundi wa springi anayeogopa kupanda gari. Msimcheke kwanza.

Karakana yake ilikuwa mwisho wa lami, pale barabara ya mlimani inapoanza kuonyesha meno. Paa la mabati, sakafu iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi, na springi kuukuu zimeegeshwa ukutani kwa ukubwa, kubwa hadi ndogo. Wenye magari ya milimani walikuja kwake kuyanyanyua ili yasisugue matumbo kwenye mawe. Mteja aliingia na kiburi chake, akataja inchi nne, akataja sita. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akasema, "Inchi mbili zinatosha." Ndipo wakambatiza Inchi Mbili, na jina likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Watu waliamini ni utaalamu. Gari likinyanyuliwa mno, aliwaeleza, uzito wote unakaa juu, na likifika ubavuni, kile kipande cha barabara kilichochongwa kando ya korongo, linalala na haliamki. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Ila nyuma yake kulikuwa na neno jingine ambalo hakumwambia hata mkewe: alikuwa mwoga. Ujanani alikuwa abiria kwenye lori lililopinduka huko huko ubavuni. Alitoka mzima, hata kandambili hakupoteza, lakini tangu hapo magari aliyajua kwa chini tu, akiwa amelala chali. Kazini alikwenda kwa miguu, msibani kwa miguu. Gari likikamilika, fundi yeyote hukaa na mteja safari ya kwanza ili asikilize kazi yake. Yeye siku hiyo tumbo lilimuuma, au nyumbani kulikuwa na mgeni.

"Jirani," mziba pancha wa banda la pili, mtu asiye na breki mdomoni, alimtania, "siku ukifa tutakubeba mabegani. Tukikupakia garini utafufuka."

Na Mungu naye ana mzaha wake, akampa binti dereva. Binti huyo wa pekee aliendesha gari la zahanati ya juu mlimani, akiteremsha wagonjwa hospitali ya mjini. Gari lenyewe lilinyanyuliwa na baba mtu. Inchi ngapi, usiulize.

Asubuhi moja aliingia karakana, gari limetapakaa matope hadi kwenye vioo, na suruali yake imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo, baba. Nataka inchi nne."

"Marahaba, mama. Kaa kwanza upumue."

"Sikai." Akasimama pale pale mlangoni. "Ule mwamba wa kivukoni, pale katikati ya mto, umetushika tumbo. Gari halisogei mbele wala nyuma. Nyuma nina mama ana uchungu, na maji yanaingia mlangoni. Akawa ananiuliza mimi kama atakufa. Mimi! Ningemjibu nini? Bahati watu wa ng'ambo walikuja kutusukuma, nikamfikisha hospitali."

Fundi alimwona binti yake ndani ya maji, akataka kumshika mkono, lakini mdomo ukatoa yale yale ya miaka yote. "Inchi nne zitakulaza korongoni, mwanangu. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake."

"Kunguru ana mbawa, baba. Mimi nina usukani tu." Kisha akateremsha sauti. "Hebu niambie. Hizi inchi mbili ni za barabara, au ni za kwako?"

Kwenye banda la pili nyundo ya mziba pancha ikanyamaza. Fundi alitafuta tumbo, tumbo halikuuma. Alitafuta mgeni, na mgeni wa nyumbani ndiye huyo alikuwa amesimama mbele yake na suruali mbichi.

"Twende ukaone," binti alisema. "Ukiniambia zinatosha, sitakuuliza tena."

Fundi akapanda. Jinsi alivyopanda ni aibu kueleza: mguu mmoja, akaushusha, akaupandisha tena. Akashika kile kishikio cha juu ya dirisha kwa mikono yote miwili kama mtu anayening'inia kisimani. Springi zile alizifunga mwenyewe, kila nati aliijua, na ujuzi huo haukumsaidia kitu. Gari lilipoyumba yeye aliona lori lile, na magunia yanaruka, na mbingu iko chini.

Kivukoni binti alipunguza mwendo, akaingia majini taratibu. Katikati ya mto, chini kabisa ya miguu ya fundi, chuma kililia. Gari likasimama. Tairi zikazunguka bure, na maji yakaanza kupenya chini ya mlango, baridi, yakamfikia vifundoni. Fundi akataka kupiga kelele. Akamgeukia binti yake, na hapo akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa sababu hakuwahi kukaa kiti hicho: binti alikuwa akifuta viganja kwenye suruali, cha kulia, cha kushoto, kisha cha kulia tena.

"Unaogopa?" akamuuliza.

"Kila siku, baba. Ulidhani nitakuwa nimerithi nini kwako?"

Waswahili walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Fundi hakulia, lakini alijua kwamba alikuwa amemkinga mtoto na korongo akamwachia mto, na kwamba alifanya hivyo kwa sababu korongo lilikuwa hofu yake na mto ulikuwa hofu ya mwenzake. Akafungua mlango, akazama mapajani, akapitisha mkono chini ya tumbo la gari. Akaupapasa mwamba. Akaupima kwa vidole, akarudia, akitamani sana vidole viseme uongo. Vilisema inchi nne.

Walijikwamua kwa jeki na mawe, wakageuza.

Kazi ile aliifanya kama mtu anayejichimbia kaburi, kwa uangalifu mkubwa na bila furaha. Hakuweka vibao vya chuma chini ya springi zile zile, kama wafanyavyo wenye haraka. Aliweka springi ndefu mpya, na shokapu ndefu za kulingana nazo, na mipira ya breki akaibadilisha isije ikakatika tairi likining'inia. Kisha akapanda juu ya paa na spana, akafungua tairi la akiba, pipa la maji, na kichanja cha chuma kilichovibeba, akavishusha vyote. Tairi na pipa akavifunga ndani, sakafuni mwa gari.

"Juu ya paa hili usiweke kitu," alimwambia binti. "Hata kofia."

Gari lilikuwa bado jekini simu ilipoita: juu mlimani kuna mjamzito, hali si nzuri. Fundi alikaza nati za mwisho. Mziba pancha alikuja kuegemea mlango, anasubiri kusikia leo ni tumbo au ni mgeni. Fundi akampita, akapanda.

Kivukoni alitega sikio kusubiri kile kilio cha chuma. Hakikuja. Mwamba ulipita chini yao na maji yake, na binti akacheka kidogo, cheko la mtu aliyetua mzigo. Yeye hakucheka, maana ubavuni kulikuwa mbele. Walipofika, gari liliegemea upande wake, upande wa korongo, na zile inchi mbili alizoziongeza kwa mikono yake alizisikia kwenye figo. Liliegemea zaidi ya zamani. Barabara ilipotulia, binti akasema,

"Linalala, baba."

"Nimelisikia."

Zahanatini mgonjwa alilazwa nyuma ya gari, mama mkwe wake akakaa naye. Kwa kushuka, korongo sasa lingekuwa upande wa dereva, na kitanda cha mgonjwa kilifungwa upande huo huo. Binti aliliangalia gari, akamwangalia baba yake aliyekuwa mweupe kama aliyepakwa unga.

"Njia ya mkato ya miguu ipo pale," alisema kwa upole, bila kejeli. "Shuka nayo. Sitakuona vibaya."

Fundi aliitazama njia ile kwa uchu. Kisha akasema, "Uzito wote uko upande wa korongo. Unahitaji mzigo upande wa mlima, na mzigo mwenyewe ni mimi." Hakuingia ndani. Alisimama nje, kwenye ngazi ya mlango wa abiria, akashika nguzo ya dirisha, akajinyoosha kuelekea mlimani ili alivute gari kwa mwili wake.

Mnaona mtego wake? Pale nje ndipo mahali salama kuliko pote. Ardhi ilikuwa hatua moja chini ya viatu vyake, na gari likianza kwenda korongoni angeruka tu, akabaki mzima, kama alivyobaki mara ya kwanza. Ila angeruka, upande wa juu ungekuwa mwepesi, na gari lingekwenda kweli.

Katikati ya ubavu tairi la mbele la upande wa korongo liliingia shimoni. Gari likainama. Tairi la nyuma la upande wake likaachana na ardhi, akaliona kwa jicho la pembeni likizunguka hewani, polepole, halina haraka. Ndani mama mkwe alipiga yowe. Mwili mzima wa fundi ulisema ruka. Mguu wa kushoto ukatii, ukaachia ngazi. Jasho likamwingia machoni, na akamsikia binti yake ndani akisema, "Baba, baba, baba," si kwa kumwita, ni kama mtu anayehesabu. Akaurudisha mguu ngazini, akajinyoosha zaidi, mpaka mbavu zikamlia. Tairi likashuka, likagusa ardhi, likashika.

Barabara ilipotulia binti alisimamisha gari, akazunguka mbele kumfuata. Vidole vya fundi vilikuwa vimeganda kwenye nguzo ya dirisha, havifunguki. Binti akaanza kuvibandua kimoja kimoja, mikono yake mwenyewe ikiwa imelowa jasho.

"Nilidhani utaruka," alisema.

"Hata mimi," fundi akajibu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. "Hata mimi, mama, nilidhani hivyo hivyo."

Mama mkwe akagonga kioo kutoka ndani. "Jamani, mtalizana hospitali! Huyu hangoji!"

Binti akakimbilia usukani. Fundi akafungua mlango wa abiria, akaingia, akakaa.