Udongo Ulio Chini ya Reli

Mama Yoramu alikuwa akisema kwamba kigoda cha mkamwana wake kilichongwa bure, kwa kuwa hakijawahi kupata joto. Ruthu alifinyanga amechuchumaa, akala amesimama, na mazungumzo yake mengi aliyamalizia nje ya mlango, akiondoka. Baadhi ya watu wa Nkuhungu walisema ana pepo, wengine wakalaumu misheni. Sababu yenyewe ilikuwa ya kawaida zaidi. Ilikuwa udongo.

Mama yake mzazi alikuwa mfinyanzi wa Zuzu, akichimba katika shimo lililochimbwa na bibi yake. Udongo wa pale ukiwa mbichi ulikuwa wa kijivu, kama jivu lililonyeshewa, na hakuna ambaye angegeuza shingo kuutazama. Ukipita motoni ulitoka mweupe, rangi ya uji wa uwele. Katika nchi ambayo vyungu ni vyekundu, watu wanajipaka ngeu, na ng'ombe wenyewe hurudi jioni wamekuwa wekundu kwa vumbi, mtungi mweupe mlangoni ulionekana kutoka mbali, na wapita njia wakauliza ni kazi ya nani. Mama yake alipenda sana kuulizwa.

Udongo mtupu hupasuka motoni, kwa hiyo wafinyanzi huuchanganya na vigae vilivyopondwa. Kwa watu hawa vigae havikuokotwa popote. Vilitoka katika vyungu vya nyumbani vilivyovunjika vyenyewe, vya mama na vya bibi, na hivyo kila chungu kipya kilikuwa na wazee tumboni. Binti akiolewa, aliviacha vya kwao akaanza kuponda vya mkwewe. Hakuna aliyeieleza desturi hiyo, maana hakuna aliyekuwa ameuliza.

Kisha serikali ya Wajerumani ikaleta reli. Wapimaji walipita na vigingi vyao, na kama walivyo wapimaji wengi, waliupenda mstari ulionyooka kuliko chochote kilichokuwa njiani. Shimo la Zuzu lilikuwa njiani. Mama yake Ruthu alikuwa amekufa kwa homa masika yale yale, akakosa kuliona tuta la reli. Ruthu aliliona. Alifika na kapu lake akamkuta kijana akimimina udongo shimoni.

"Unamwaga nini hapo?"

"Udongo."

"Juu ya nini?"

Kijana akachungulia. "Juu ya udongo."

Jibu lilikuwa sahihi, na ndilo lililomuudhi. Alimtukana mpaka vibarua wote wakasimama kusikiliza. Kijana huyo, Yoramu wa Nkuhungu, alikuja kwao jioni kuomba radhi. Wiki iliyofuata akaja tena kuomba radhi ile ile, ingawa alikwisha kuipata. Baada ya mavuno walifunga ndoa misheni, ambako mwalimu alimpa binti jina la Ruthu, akimweleza kuwa ni jina la mkamwana mwema. Mwalimu yule hakuwa mtu wa kubahatisha, lakini siku hiyo alibahatisha.

Bibi harusi aliingia katika tembe la wakweze na kapu la vigae vyeupe. Mama Yoramu, naye mfinyanzi, akafunua kapu.

"Mwanangu, umetuletea zawadi au takataka?"

"Ni mama yangu, mama."

"Hapa mama ni mimi."

"Najua. Shikamoo."

Alifinyanga kwa udongo mwekundu wa Nkuhungu kama alivyotakiwa, ila ndani yake aliponda vigae vya kwao. Vyungu vikatoka vyekundu vyenye chembe nyeupe. Jirani mmoja alikigeuza kimoja mkononi akauliza kama kimepona ndui au bado kinaambukiza. Ruthu hakucheka. Aliona tatizo la chungu kile ni kwamba weupe haukutosha.

Ndipo alipoanza kuzunguka. Alikwenda Kizota, akaenda Zuzu, mlango kwa mlango, akiomba mitungi ya mama yake iliyovunjika. "Wenzako huomba moto, huomba chumvi," mwanamke mmoja alimwambia, "wewe waomba hasara zetu." Lakini walimpa. Kila alichopewa alikiponda, na kila mara alizidisha kipimo, mpaka akafinyanga mtungi ambao kigae kilikuwa kingi kuliko udongo. Mkononi haukushikana vizuri. Motoni ukamomonyoka.

Mama Yoramu aliuchota ule unga, akauacha upite vidoleni.

"Kigae ni chumvi, Ruthu. Wewe umesonga ugali wa chumvi."

Na vigae vyeupe vilikuwa vimekwisha, Zuzu yote na Kizota. Ruthu alikuwa amemaliza alichoachiwa na mama yake kwa kutaka kukizidisha, na alilijua hilo kabla moto haujapoa. Kilichobaki cha weupe ule kilikuwa mahali pamoja tu, na juu yake lilipita garimoshi.

Akaanza kwenda kwenye tuta. Mlinzi wa njia pale alikuwa nyapara Athuman, mtu wa Kondoa, mtu mzima asiyependa mbio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Weka jembe chini."

"Nachimba pembeni tu."

"Tuta halina pembeni, binti yangu. Ukichimba pembeni, katikati inakufuata. Na hii reli ni ya Kaizari."

"Reli abaki nayo. Mimi nataka kilicho chini yake."

Athuman alilifikiria jambo hilo. "Cha chini nacho ni chake."

"Amekiona?"

"Hata reli hajaiona."

"Basi hatajua."

"Bwana wa stesheni atajua, na kiboko chake hakiulizi kama wewe ni mfinyanzi. Rudi nyumbani."

Alirudi, na akaja tena, mwaka huo na miaka iliyofuata. Athuman alimfukuza kila mara, na alipochoka kumfukuza akawa anamsindikiza. Nyumbani Yoramu alisema, "Ungeniambia siku ile, ningemwaga kwingine."

"Nilikuambia."

"Ulinitukana."

"Ndani ya matusi habari ilikuwemo."

Kisha Wazungu wakapigana wao kwa wao, na vita ikafika uwanda wa Dodoma. Wajerumani, wakirudi nyuma kuelekea magharibi, walivunja reli waliyoijenga ili Waingereza waliowafuata wasiifaidi. Askari waliopita Nkuhungu walichukua mtama na mbuzi, na wakiwa wanatoka, mmoja alikipiga teke chungu kikubwa cha pombe cha mama Yoramu, kikavunjika. Siku iliyofuata mlio ulisikika upande wa Zuzu. Daraja dogo lilikuwa limelipuliwa, pamoja na kipande cha tuta. Watu wakakimbilia vilimani na watoto wao. Ruthu akachukua jembe akaelekea kwenye mlio.

Katikati ya njia aligundua kwamba mkwewe yuko nyuma yake na kapu.

"Rudi, mama. Kuna hatari."

"Ukifa, mwanangu ataoa mwingine, na mimi nimechoka kufundisha."

Vyuma vilikuwa vimekunjwa kama ukindu, na chini ya shimo palikuwa na kijivu. Ruthu aliuonja udongo kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa wenyewe. Walichimba, wakajaza kapu, wakalibeba kwa zamu.

Nyumbani Ruthu alikanda, kisha mikono ikasimama ndani ya udongo. Bila kigae ungepasuka, na cheupe hakikuwepo hata kimoja. Mama Yoramu alizunguka nyuma ya tembe. Alirudi na chungu chake cha pombe, kimeshapondwa, chekundu, ndani ya ungo.

"Kiasi cha chumvi," alisema, akamimina mwenyewe.

Mtungi ulitoka motoni mzima, mweupe, na chembe nyekundu kila mahali.

"Huu nao una ndui," alisema mama Yoramu.

"Ndui ya kwenu."

"Ya kwetu," mkwewe akamsahihisha.

Walikuwa bado wanautazama Yoramu alipoingia na habari. Waingereza walikuwa wameshika Dodoma, walitaka garimoshi lipite, na walikuwa wanaandika vibarua wa kujaza shimo la Zuzu. Yeye ameshaandikwa. Kazi inaanza kesho.

Ruthu alikuwa amekwisha kuchukua kapu.

"Na mtungi?" Yoramu aliuliza.

"Utapoa wenyewe." Akageuka akiwa nje ya mlango. "Na kesho, mume wangu, mwaga polepole."

Mama Yoramu alikivuta kigoda cha mkamwana wake, akakikalia kando ya mtungi. Katika nyumba lazima mtu mmoja akae.