Mama Alipofungua Mkanda Angani

Mwaka ule wa vita, ndege kwetu Nyakahura haikuwa kitu cha kupanda. Ilikuwa kitu cha kukimbia. Ukisikia mngurumo juu, watoto wa darasa wanatoka mbio kuelekea handaki walilochimba wenyewe nyuma ya shule ya kijiji cha ujamaa, na mwalimu anaingia wa mwisho. Mwalimu huyo nilikuwa mimi. Kwa hiyo paroko alipotuletea habari kwamba kaka yangu amejeruhiwa vitani, yuko hospitali Dar es Salaam na anamwita mama, kisha akasema amepata nafasi mbili za ndege kutoka Mwanza, mama aliuliza jambo moja tu.

"Padri, hakuna njia ya chini?"

Njia ya chini ilikuwepo, lakini ilikuwa ndefu, na paroko hakutuficha kwamba huenda kaka asingengoja.

Tulikwenda kwa basi, tukavuka ziwa kwa kivuko, tukafika Mwanza miguu imevimba. Ndege ilikuwa ya mapangaboi mawili, viti viwili huku na viwili kule, njia katikati. Mama alikataa dirisha, akakaa upande wa njia. Mhudumu alikuwa msichana wa rika langu, mwenye Kiswahili laini cha pwani. Alimwamkia mama shikamoo, akamfunga mkanda tumboni, na mama akaitikia marahaba huku akikitazama kile chuma cha kufungia kama mtu anayetazama nyoka aliyelala.

Sikuelewa mtazamo ule mpaka mawingu yalipotukuta.

Kwetu, wilayani Biharamulo, radi imezika watu wengi. Mbingu zikianza kunguruma, majembe na mapanga hutupwa nje uani, mwenye bangili huivua, na watu hukaa chini wakinyamaza. Hakuna anayegusa chuma. Mama mwenyewe, akiwa mke kijana, alimwona shemeji yake akipigwa na radi njiani kutoka shamba, jembe likiwa begani. Tangu siku ile hakuna aliyehitaji kumkumbusha.

Sasa nje ya dirisha kulikuwa kweusi kama ndani ya chungu, na weusi ule ulipasuka kwa mwanga. Ndege ikatetemeka, ikainuka, halafu ikashuka ghafla. Watu walipiga kelele. Sauti ya rubani ikasema wote tukae, tufunge mikanda, wahudumu nao wakae. Nilianza Baba Yetu, nikaona jinsi tulivyo karibu na mbingu na jinsi nisivyotaka kufika.

Nikasikia mlio mdogo pembeni yangu. Mama alikuwa amefungua mkanda.

"Mama, funga!"

"Radi inapiga nawe unataka nijifunge chuma tumboni?" alinijibu kwa Kisubi, lugha yetu ya nyumbani. Nilipojaribu kuushika mkanda akanipiga kofi mkononi. Alikuwa ameanza kuteleza kutoka kitini akae sakafuni, kama tulivyokaa nyumbani.

Bwana mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti, "Bibi huyo anataka kushuka njiani? Mwambieni hapa hakuna kituo!" Wawili watatu wakacheka, kicheko kifupi cha watu wanaoogopa.

Yule mhudumu alikuwa ameshakaa mbele na kujifunga. Alimwona mama. Nilimwona akifungua mkanda wake, akaja kwetu akijivuta kwa mgongo wa kiti kimoja baada ya kingine, kama mtu anayepanda mlima. Nilimweleza habari ya chuma haraka haraka, kwa aibu. Hakucheka.

"Mama, ndege hii yote ni chuma," alisema. "Sakafu hiyo unayoitaka, nayo ni chuma."

Nilitafsiri, na nilijuta kutafsiri. Mama alishika kichwa. "Basi tumekwisha!"

"Na huo msalaba shingoni, si chuma?" mhudumu akauliza.

"Huo ni wa Mungu," mama akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mungu huyo huyo ndiye amekupa mkanda leo. Mwanao anakusubiri, mama. Atakuona vipi ukivunjika shingo?"

Hapo mama alijivuta, akakaa vizuri kitini. Mhudumu akavuta khanga mabegani mwa mama, akaikunja mara mbili, akaiweka tumboni kati yake na chuma, akamfunga juu yake na kukaza. Kiti cha ng'ambo ya njia kilikuwa kitupu. Mama alikionyesha kwa kidole.

"Na wewe kaa hapo. Mbona huna mkanda?"

"Nakaa, mama. Ngoja nimtazame yule wa nyuma mwenye mtoto."

Alipogeuka tu, ndege ikaanguka.

Nimeishi miaka mingi, nimeona mengi, na bado sijui namna ya kuisimulia sekunde ile. Tulianguka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Mikanda ilituuma. Mhudumu hakuwa na kitu cha kumshika. Alipaa, kichwa kikagonga dari, akashuka na kuangukia mkono wa kiti, kisha njiani. Mama alimkamata kiunoni kwa mikono yote miwili, akamng'ang'ania kama anavyoshikwa ndama mtoni, na ndege ilipoanguka tena, msichana yule hakupaa.

"Mfunge! Mfunge!" mama alimpigia kelele yule bwana wa mzaha. Naye, akilia waziwazi, alifungua mkanda wake, akamvuta msichana mpaka kile kiti kitupu na kumfunga. Mkono wa msichana ulining'inia vibaya. Damu ilimtoka nyweleni. Midomo yake ilikuwa ikituambia tusifungue mikanda.

Sijui tulitikiswa muda gani. Sala zote nilizofundisha watoto zilinitoka, nikabaki na neno moja, "Bwana, Bwana." Mungu alilisikia. Tulitua Dar es Salaam jua linawaka, kana kwamba hakuna lililotokea, na wakamteremsha kwa machela kabla yetu.

Kaka tulimkuta hai. Walikuwa wamemkata mguu, lakini alimtambua mama, na mama alipiga magoti palepale wodini akamshukuru Mungu.

Siku chache baadaye tulisikia kwamba mhudumu yule amelazwa hospitali ileile. Mama alimpelekea uji, nami nikamsindikiza. Alimkuta na plasta mkononi, shingo imefungwa, akaanza kumgombeza kama binti yake.

"Nilikwambia kaa. Kwa nini hukukaa?"

"Ningekaa, mama," alisema taratibu, "angepaa bibi mmoja kutoka Biharamulo."

 Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, mpaka muuguzi alipokuja kututoa kwa kuwa saa za kutazama wagonjwa zimekwisha. Mlangoni mama aliniambia tutarudi Mwanza kwa treni, nami sikubishana naye.