Akaunti ya Mama wa Mundika

Mimi nina mdomo, kila mtu hapa mpakani Malaba anajua. Nagombana na madereva, na walinzi wa geti, na mama wa chapati. Siku ile moja niliyotakiwa kusema, niliufyata.

Nilikuwa nimeitengenezea ofisi moja ya mawakala wa forodha mfumo wa kuandikisha malori kwa intaneti. Makarani sita waliutumia, kila mmoja akiingia kwa jina lake. Lakini nyuma yake kuna hifadhidata, ile stoo rekodi zote zinakolala, na mfumo wenyewe lazima upige hodi kule na kujitambulisha. Ilifaa niufungulie akaunti yake, yenye ruhusa chache. Kazi ya dakika kumi. Lakini mzee mwenye ofisi alikuwa amenisimamia kichwani, "Kijana, bado tu?", na karani mkuu, mama mmoja wa Mundika, tayari alikuwa na akaunti kule tangu mfumo wa zamani, yenye uwezo wa kufuta chochote. Nikamwomba neno lake la siri, "la kujaribia tu." Alinipa bila kuuliza. Nikaliingiza pamoja na jina lake, mfumo ukakubali, nikasema nitabadilisha Jumatatu. Jumatatu gani! Miezi ikapita.

Kwa hivyo alichofanya karani yeyote, hifadhidata iliandika kwamba ni yule mama.

Kisha mtu akafuta rekodi ya lori la vifaranga. Makaratasi hayakupelekwa forodhani, lori likawekwa kando kwenye jua kutwa nzima, vifaranga wakafa. Aki, ile harufu. Mzee akaniita, "Fungua tuone ni nani." Nikafungua, na jina la yule mama lilikuwa hapo. Nilijua kosa langu palepale, mkono bado uko kwenye kipanya.

"Mimi sikumbuki kufuta, mzee," mama akasema.

"Kompyuta haina chuki na mtu," mzee akamjibu. Wote wawili wakanigeukia.

Nikasema, "Ndivyo inavyoonyesha."

Shenzi mimi! Niliogopa kunyang'anywa kazi ya mfumo, basi. Saa tisa mama alipewa barua ya kufutwa kazi. Aliyefuta rekodi hasa, mpaka leo simjui.

Wiki kadhaa baadaye nilienda kwake Mundika na kilo mbili za sukari, eti kumjulia hali. Nilimkuta akianika mihogo. Nilitaka anitukane, ningepumua. Badala yake aliniomba msamaha.

"Mwanangu, nisamehe nilikuharibia kazi yako," akasema. Akaniambia alikuwa amekwenda hospitali ya Alupe wampime kichwa, kwa sababu mtu anayefuta lori zima asikumbuke lazima awe mgonjwa. Mume wake alikuwa amemkataza kuwasha moto akiwa peke yake, asije akachoma nyumba.

Niliiweka sukari chini.

"Kichwa chako ni kizima, mama. Ni mimi." Nikamweleza yote, akaunti na neno la siri, bila kujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akavaa viatu.

"Twende ukamwambie mzee."

"Labda kesho, mama, saa hii atakuwa—"

"Sasa hivi."

Mzee alinitukana mpaka watu wa duka la pili wakaja kuchungulia. Alipochoka akamwambia mama arudi kazini kesho yake. Mama hakukimbilia hilo.

"Kwanza huyu aandike kwamba sikufuta. Nataka karatasi ya kumwonyesha mume wangu."

Nikaandika, nikatia sahihi. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari, akanirudishia.

"Hujaandika siku uliyojua."

Nikachukua kalamu tena. Nikaandika tarehe. Ilikuwa ileile ya barua yake ya kufutwa kazi.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema, "mimi nikiwa nimesimama pale."