Shahidi Aliyeweka Kidole

Ukiniona sokoni Kitale na kovu hili juu ya jicho, utadhani niliwahi kupambana na majambazi. Wengi hudhani hivyo, nami huwaacha. Mtu aliyeanza kwa kubeba magunia ya wengine pale Kachibora, na leo ana malori matatu na kinu chake cha kusaga, hawezi kumweleza kila mtu kwamba aliangukia ukingo wa kitanda cha hospitali mke wake akijifungua.

Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Shule niliachia darasa la nne. Mwaka huo mama yangu alifariki akizaa, nyumbani kwetu Bumula. Kwetu mwanamume hakaribii nyumba ambamo mkewe anajifungua. Baba alikuwa kwa jirani, amekaa na wazee wenzake kwenye chungu cha pombe, mirija mdomoni, kama desturi inavyotaka, na walipomwita mambo yalikuwa yamekwisha. Wanawake waliokuwa ndani waliniambia mama alienda akiuliza, "Uko wapi?" Alimuuliza baba hivyo mpaka sauti ikaisha.

Nilioa nikiwa nimeshajenga, umri umesonga. Mke wangu aliposhika mimba ya kwanza niliapa kwamba yeye hatauliza. Hospitali mbili zilinicheka. Ya tatu, ya mtu binafsi, ikasema baba anaruhusiwa kuingia, ila kuna fomu.

Uchungu ulimshika saa nane mchana, mvua ikipiga mabati. Walimwingiza ndani, sista akanibakisha mlangoni na karatasi.

"Mzee, ukizimia, ukianguka, ukiumia humu ndani, hospitali haihusiki. Tia sahihi hapa."

"Mimi nizimie? Sista, unajua magunia mangapi yamepita kwa huu mgongo?"

"Wenye migongo ndio huanguka kwanza, baba. Haya, na shahidi hapa chini."

Shahidi sikuwa naye. Mama mkwe alikuwa bado njiani. Nikageuka nikamwona mama mmoja mzee kwenye benchi la ukutani, leso ya kijani kichwani, imemshukia hadi machoni. Nje mvua ilikuwa inamwagika, lakini leso yake ilikuwa kavu.

Nikamwambia, "Mama, nisaidie kidole tu."

Hakuuliza karatasi ni ya nini. Alitoa kidole gumba kama mtu ambaye ameitwa na amechelewa. Nilimshika mkono kukielekeza kwenye wino wa sista, nao ulikuwa baridi kama wa mtu aliyetoka kufua mtoni asubuhi. Halafu ikanijia harufu ya tumbaku mbichi. Kitale hatulimi tumbaku. Harufu hiyo naijua kutoka kwa mama yangu, aliyefunga majani ya tumbaku Malakisi tangu usichana wake, na nguo zake hazikuwahi kuiacha.

"Ingia," aliniambia kwa lugha ya kwetu. "Usisimame mlangoni."

Nikaingia. Mke wangu alikuwa amefumba macho, jasho limemlowesha. Akasema, "Uko wapi?"

Ni maneno yale yale.

"Niko hapa," nikasema. Nilimshika mkono na nikaendelea kusema niko hapa, labda mara mia, mpaka sista akaniambia, "Baba, amesikia bana."

Mtoto alitoka msichana, kimya kabisa. Rangi yake ilikuwa ya jivu. Sista alimsugua mgongo, akamwingizia mpira mdomoni kuvuta maji. Kimya. Mke wangu aliniangalia mimi badala ya sista, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na dawa.

Kwetu mtoto akilia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya waliokufa, moja moja, na likifika lake hunyamaza. Huyu hakuwa na kilio cha kunyamazisha. Nilitaja jina hata hivyo. Moja tu, la mama yangu.

Akalia.

Sista anasema ni ule mpira. Pengine. Mimi sina elimu ya kubishana na sista. Ninachojua ni kwamba niliangukia ukingo wa kitanda, na nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, damu imejaa jichoni, na mke wangu juu kitandani anacheka na kulia pamoja.

Marafiki zangu sokoni ndio walionichochea. "Tajiri kama wewe, ati upasuke kichwa hospitalini na unyamaze? Si uwashtaki." Nikafurahia kuitwa tajiri. Nikaenda Bungoma kwa wakili, nimevaa suti.

Wakili aliisoma nakala yangu. "Hapa shahidi hana jina wala namba ya kitambulisho, ni kidole tu. Mlete aape kwamba hukuelezwa maana ya fomu. Tutawapata."

Nilielezwa, lakini hilo sikulisema. Nikarudi hospitalini kumtafuta yule mama.

"Shahidi wako?" sista aliniuliza. "Si mlikuja naye? Alikufuata nyuma tangu getini. Nilijua ni mama yako, mnafanana sana."

Nyumbani nilifungua sanduku la bati nilimoweka kitambulisho cha mama. Jua lilikuwa dirishani, nilikuwa naona vizuri. Kisu cha tumbaku kilimkata kidole gumba cha kulia akiwa msichana, na alama yake nyuma ya kitambulisho ina mstari unaokatiza michirizi yote kama njia ndani ya shamba la mahindi. Nikaweka fomu ya hospitali kando yake. Mstari ulikuwa pale, umepinda pale pale.

Wakili alipiga simu wiki hiyo.

"Mzee, shahidi umempata?"

"Nimempata."

"Basi mlete."

"Hawezi kuapa uongo kwa ajili yangu," nikasema. "Hiyo kesi acha."

Akadhani nimehongwa na hospitali.

Mtoto sasa anatembea. Wageni wakimshika mkono husema una baridi, vaa sweta. Kucha zake hukatwa na mke wangu. Aliwahi kuniuliza mbona sipendi kukata, nikamwambia mikono yangu ni ya magunia, itamuumiza. Kidole chake gumba cha kulia sijawahi kukigeuza nikakitazama.