Ukurasa Usio na Mwenyewe

Pale kazini kwao, wanakoandika mwongozo wa lugha moja ya kompyuta, kulikuwa na sheria iliyowatia watu wazima woga: ukigusa ukurasa, ni wako. Jina lako linakaa chini yake, na kila msomaji anayekwama anakuuliza wewe. Ndiyo maana makosa yalizeeka pale, kila mtu akijifanya hayaoni.

Dada mmoja hakuwa na ujanja huo. Leo alirekebisha ukurasa huu, kesho ule, mpaka wenzake wakambandika jina la Mama Mwongozo. Wao walicheka, yeye roho ilimuuma, maana tangu aajiriwe alitaka kuhamia chumba cha pili, wanakoijenga lugha yenyewe. Bosi alishamwambia, "Gawa kurasa zako zote, Jumatatu uhame." Akambembeleza huyu, akamsihi yule, mpaka kurasa zote zikapata wenyewe wengine, akabaki mikono mitupu. Hakuwahi kufurahia umaskini kiasi kile.

Jumamosi asubuhi mdogo wake, aliyekuwa akijifunza lugha hiyohiyo ili apate kazi, alitoka chumbani macho mekundu.

"Dada, mimi naacha. Kichwa changu kizito."

Mwongozo ulisema amri ya kupanga majina inatoa orodha mpya na kuiacha ya zamani ilivyo. Kumbe inaivuruga hiyohiyo ya zamani. Binti wa watu alifuata neno kwa neno, kazi yake yote ikaharibika.

"Hujakosea wewe. Mwongozo ndio umekosea."

"Mwongozo ukosee! Unanipoza tu kwa kuwa ni dada yangu."

Dada akatazama chini ya ukurasa. Hapakuwa na jina; aliyeuandika alishaacha kazi zamani. Akaenda jikoni kuosha vyombo, akavisugua kwa hasira vikombe visivyo na kosa. Kwani nani kamtuma? Mbona wengine wanapita? Chumbani mdogo wake alikuwa anafuta masomo yake, moja baada ya jingine.

Akajikausha mikono, akarudi, akabadilisha sentensi moja.

"Njoo usome sasa."

Mdogo wake akasoma, akarudia, akamkumbatia. "Kumbe si mimi!"

Jumatatu bosi alimpokea mlangoni, uso umemchanua. "Nimeliona jina lako. Nilijua huwezi kutuacha! Basi chukua sura yote ya mwongozo."

Dada akavuta kiti chake kilekile, akaketi.

"Afadhali umebaki," alisema jirani yake wa mezani. "Kuna kosa jingine, nililiona tangu mwaka jana."

Alitamani kumpiga. "Liko wapi?" akauliza.