Karatasi ya Sukari ya Shangazi Serafina

Shangazi Serafina alijifunza kusoma ukubwani, kwa katekista wetu hapa Lundo. Husoma kwa kidole, na alikuwa anasoma sala tu.

Siku hiyo Bernadi, mwanawe wa pekee, alitoka alfajiri na mtumbwi kufuata usipa, dagaa wetu wa ziwani. Saa nne upepo wa mwera ukaanza kuvuma. Shangazi alikuwa anamimina sukari tuliyonunua dukani kwa Bi Nasma, akaona maandishi kwenye karatasi iliyoifunga. Kidole kikasimama.

"Hebu soma wewe."

Mimi niliishia darasa la nne. Nikasoma kwa kukwama:

*Ziwa limenuna leo, naliona lanitisha,*
*Wangu hana kimbilio, mawimbi yamemchosha.*

Akaitupa chini. "Hirizi hiyo! Wamemroga mwanangu!"

Alitaka kuichoma, akaogopa. Je, Bernadi akiungua nayo? Akaishika kwa pembe, kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka, tukaenda dukani.

"Shikamoo, Bi Nasma. Mwanangu amekukosea nini?"

Bi Nasma aliitazama ile karatasi, akacheka mpaka akakohoa. "Serafina, ningejua kuroga, kikohozi hiki kingenikalia mwaka wa tatu? Hilo ni shairi langu. Niliandika siku mume wangu alipochelewa ziwani. Daftari limechakaa, nafungia sukari."

"Alirudi?"

Bi Nasma akaanza kufuta mizani, ingawa ilikuwa safi. "Lisome polepole. Pumzika katikati ya mstari, ndipo umalizie. Usilikimbize."

Shangazi akasoma mwenyewe. Mara ya kwanza alijikwaa. Mara ya tatu sauti ikawa yake kabisa, kama anaongea na ziwa.

"Kumbe na wewe uliogopa hivi," akasema.

"Hivyohivyo."

Tukateremka ufukweni. Ziwa lilikuwa jeupe kwa povu. Shangazi aliusoma ubeti ule mpaka ukamkaa kichwani; karatasi akaifunga kwenye pindo la khanga, midomo ikaendelea. Mimi sikuthubutu hata kukaa.

Saa tisa mtumbwi ukaonekana, umejaa maji nusu, Bernadi anapiga kasia kwa kipande cha ubao. Shangazi alimpiga kofi kwanza, halafu ndipo akamkumbatia.

Kesho yake akarudi dukani.

"Sukari robo. Unifungie kwa ubeti wa pili."

Bi Nasma hakucheka. "Wa pili unauma, mwenzangu."

Shangazi alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Nipe tu. Nitapumzika katikati."